Wapagazi Kumi na Wanane wa Kampuni Moja ya Tanga

Kila ifikapo tarehe 21 Desemba, sisi tunaopenda michezo ya vita ya mezani huanza changamoto ya miezi mitatu ya kupaka rangi sanamu ndogo za askari wa zamani. Kila mshiriki hutangaza mapema atakachopaka, na kazi yake huhesabiwa kwa pointi: mtu wa miguu mwenye kimo cha milimita 28 ana pointi 5, na mpanda farasi ana pointi 10. Safari hii nilitangaza kampuni moja ya jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki kama ilivyokuwa Tanga mwezi Novemba 1914, na nikaeleza tangu siku ya kwanza kwamba kampuni hiyo itapakwa pamoja na wapagazi wake.

Uamuzi huo ulinitaka nipige hesabu. Kampuni ya aina hiyo ilikuwa na askari kati ya 150 na 200, Wajerumani wasiozidi 20, bombomu mbili, yaani bunduki za rashasha, na wapagazi wapatao 250, kwa hiyo katika safari yoyote waliobeba mizigo walikuwa wengi kuliko waliobeba bunduki. Nilipoupunguza uwiano huo ili uenee mezani nilipata askari 12, ofisa mmoja, bombomu moja yenye watu wake watatu, na wapagazi 18. Wachezaji wengi huwaacha wapagazi kwa sababu kanuni za mchezo haziwapi kazi ya kufyatua risasi, na watengenezaji nao huwauza wachache, wanne katika pakiti moja, wenye mikao ile ile. Mimi naona kuwaacha ni kosa la kihistoria hata kabla ya kuwa kosa la heshima, kwa sababu bombomu ya Maxim yenyewe ilifunguliwa vipande vipande ikasafirishwa vichwani na mabegani mwa watu, na anayeiweka mezani peke yake ameweka silaha iliyofika vitani bila miguu.

Habari za vita vyenyewe watu wa Tanga wanazijua. Waingereza walileta kutoka India kikosi cha watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Arthur Aitken, wakashuka Ras Kasone, wakapigana tarehe 3 na 4 Novemba na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ambalo lilikuwa na watu wapatao 1,000 tu, na tarehe 5 wakarudi melini wakiwa wameacha nyuma bombomu 16, mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000. Nyuki waliotibuliwa katika mizinga yao waliwauma askari wa pande zote mbili, na mpaka leo Waingereza huviita vita vya nyuki.

Nilianza na askari, kwa kuwa sare zao zina mambo mengi ya kuangalia. Sanamu hizi hutoka kiwandani zikiwa bati tupu lenye mshono wa kalibu kuanzia begani hadi kifundo cha mguu, na mshono huo lazima uondolewe kwa tupa ndogo na kumaliziwa kwa msasa laini, kwa maana usipoondolewa rangi ya mwisho huuonyesha wazi zaidi kuliko mwanzo. Baada ya praima ya kijivu nilipaka kaki, lakini kila askari nilimchanganyia kaki yake, huyu yenye manjano kidogo, yule iliyopauka, mwingine yenye kijani kwa mbali, kwa sababu nguo zilizofuliwa mara nyingi na kuanikwa juani hazibaki na rangi moja. Tarabushi zao zilivishwa kitambaa cha kaki chenye pindo la kufunika shingo, na mbele pana tai wa madini meupe ambaye kwa kipimo hiki ni nukta moja ya rangi ya fedha. Vitambaa vya kuzungushia miguu vilikuwa vya buluu iliyofifia, karibu na kijivu, na rangi hiyo ndiyo inayomtambulisha askari huyo hata akitazamwa kutoka upande wa pili wa meza.

Kulikuwa na shaushi mmoja, yaani askari mwenye cheo, aliyenichukua jioni nzima. Ombasha alikuwa na alama nyekundu moja katika mkono wa kushoto wa koti, shaushi mbili, betshaushi tatu, na juu yao wote alikuwapo efendi mwenye nyota mabegani, ambaye cheo chake bado tunakitamka kila siku tunaposema afande. Alama mbili nyekundu katika mkono ambao upana wake ni milimita tatu haziwezi kuchorwa moja kwa moja kwa mkono wa binadamu. Nilipaka kwanza nyekundu nene kuliko inavyotakiwa, nikaiacha ikauke, kisha kwa brashi ya namba 00 nikarudi na kaki ile ile ya koti nikiipunguza kutoka juu, kutoka chini na hatimaye katikati, mpaka mistari miwili myembamba ikabaki yenyewe. Pumzi niliizuia kila brashi ilipogusa koti.

Jambo ninalotaka kulisema kwa kirefu ni ngozi. Maelezo mengi ya upakaji rangi yameandikwa na watu ambao kwao Mwafrika ana rangi moja, na mengine humwelekeza msomaji apake nyeusi kisha aongeze nyeupe kidogo kidogo sehemu zinazopigwa na mwanga. Matokeo yake ni sura iliyopauka kama mtu aliyetoka kuoga asipake mafuta. Lugha yetu imekwisha kuyaona mambo haya kwa makini zaidi: tunasema huyu ni mweusi tii, yule ni maji ya kunde, na kila asikiaye huiona rangi yenyewe. Askari wale walitoka kwa Wasukuma, Wanyamwezi, Wamanyema na wengine wengi, na baadhi ya wakongwe wao walikuwa Wasudani. Hakuna sababu ya kuwapaka wote kutoka chupa moja.

Kwa hiyo nilitengeneza michanganyiko minne. Wa kwanza ulikuwa kahawia iliyokolea yenye tone la buluu, kwa wale weusi kabisa. Wa pili kahawia yenye wekundu wa damu ya mzee. Wa tatu ulikuwa maji ya kunde, ambao niliupata kwa kuchanganya kahawia na manjano ya udongo. Na wa nne ulikuwa kati ya wa pili na wa tatu. Juu ya kila mmoja nilipitisha rangi nyepesi kama maji, yenye zambarau kidogo, ili itulie katika macho, chini ya pua na pembeni mwa midomo. Kisha mwanga niliuongeza kwa rangi ya chungwa iliyochanganywa na kahawia ile ile, kwenye paji la uso, kwenye mifupa ya mashavu na kwenye ncha ya pua, wala sikugusa nyeupe. Mdomo wa chini nilitia rangi yenye uwaridi kidogo. Mara mdomo unapopakwa sanamu huacha kuwa bati na kuwa mtu, na nimeliona jambo hilo mara thelathini na nne mwaka huu bila kulichoka.

Kwa wapagazi palikuwa na jambo la ziada ambalo picha za zamani zilinikumbusha. Mpagazi anayeshikilia mzigo kichwani huinua mkono, na kiganja chake huonekana. Kiganja si rangi ya mkono. Ni chepesi, chenye uwaridi na udongo, na mistari yake ni myeusi kidogo. Nilivipaka viganja kumi na moja, kila kimoja kwa nukta tatu za brashi. Nguo zao ni za merikani, ambayo ikiwa mpya ina rangi ya maziwa yaliyokaa, na ikichakaa hushika vumbi la njia kuanzia pindoni kwenda juu, kwa hiyo vumbi nililipaka kwa brashi kavu kwa mwelekeo huo huo. Mizigo niliifinyanga mwenyewe kwa udongo wa epoksi, kwa kuwa ile ya pakiti ilikuwa masanduku matupu: nilitengeneza magunia ya unga, mahema yaliyokunjwa, sanduku la risasi lenye kamba, na mguu wa bombomu uliofungwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili.

Brashi, gundi na msasa huvinunua Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Wapagazi waliosajiliwa na Waingereza katika vita vyote walifikia takriban milioni moja, na vifo vilivyoorodheshwa vinazidi 90,000, vingi vikitokana na kuhara damu, malaria na njaa kuliko risasi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nilikuwa na takwimu hizo kichwani nilipokuwa napaka, nazo ndizo zilizonizuia kuwapaka wapagazi haraka haraka ili nipate pointi, maana watu hao wamekwisha kuhesabiwa kwa jumla vya kutosha.

Msiba mmoja ulinipata mwezi Februari. Nilipuliza vanishi isiyong'aa asubuhi moja baada ya mvua ya usiku, hewa ikiwa bado na unyevu mzito, na wapagazi sita wakafunikwa na ukungu mweupe ulioziba kazi ya wiki mbili. Nilisubiri siku tatu za jua kali, nikapaka vanishi inayong'aa kwa brashi juu ya ukungu ule, na rangi zikarudi, isipokuwa kwa mpagazi mmoja ambaye ilibidi nimpake uso upya. Tangu hapo napuliza saa nane mchana tu, siku ya jua, kwa mikupuo mifupi. Anayeishi pwani alizingatie hilo kuliko ushauri wowote wa nchi za baridi.

Vitako vyao nilivipa udongo mwekundu uliochekechwa, na majani makavu niliyapata kwa kukata nyuzi za katani urefu wa milimita sita na kuzisimamisha katika gundi. Mkonge ulifika mkoa wa Tanga mwaka 1893, hivyo watu hawa walipita kandokando ya mashamba yake, na nyuzi zake zinafanana na nyasi za kiangazi kuliko nyasi zote za dukani nilizowahi kujaribu.

Kampuni ilikamilika siku nne kabla ya mwisho: watu 34, pointi 170. Niliwapanga mezani katika safari, askari mbele na nyuma, wapagazi katikati katika mstari mrefu, na mstari huo ukachukua zaidi ya nusu ya meza. Wanakosekana wake za askari, ambao waliandamana na kampuni na kupika kila walipolala. Nimepata sanamu mbili zinazofaa, na jana usiku nilianza kuchanganya rangi ya kaniki, buluu nzito inayokaribia nyeusi, ambayo ikiwa mpya hung'aa mabegani na ikishafuliwa hubaki buluu tu kwenye mikunjo.