Abi-le na sauti ya kisandukuni

Jumapili jioni mama alikuwa amelala chali, simu yangu kifuani, anasikiliza Luka kwa Kiswahili. Macho yamemchoka, kusoma hawezi tena. Nilipoingia na chai nikaona midomo yake inamfuata msomaji. Msomaji akisema "Mungu", yeye chini chini anasema "Kyala", Mungu kwa Kinyakyusa, lugha yake. Kila mara, bila kukosa. Nikabaki nimesimama na kikombe mkononi, maana nilishawahi kuona midomo inayokwenda hivyo hivyo, mbali sana na Mbeya.

Ilikuwa Julai 2014, nikisoma Pune, India. Wenzangu walikwenda Goa kupumzika. Mimi nikapanda basi la Manali kwenda Leh, mji wa Ladakh kwenye milima ya Himalaya, kwa sababu babu alituambia tangu tukiwa wadogo kwamba Wamoravian, kanisa letu, walifungua misheni Leh mwaka 1885, miaka sita kabla ya kufika kwetu Rungwe. Nilitaka kuwaona hao kaka zetu wakubwa. Basi lililala Keylang, mji ule ule ambako mmisionari Mmoravian Heinrich Jäschke alihangaika na Agano Jipya la Kitibeti, likatoka miaka miwili baada ya kifo chake. Leh kwenyewe, zaidi ya mita 3,500 juu, siku mbili za kwanza nilikuwa wa kulala na kunywa maji tu. Kwetu Wamoravian ni malaki, kule ni mamia, na walinipokea kama mtoto aliyerudi nyumbani.

Siku ya tano binti mmoja wa kanisani akaniambia anakwenda Sham, eneo la magharibi mwa Leh, upande wa Khalatse, kumpelekea bibi yake kisanduku. Kidogo, kinaingia kiganjani, kina paneli ya sola mgongoni na kadi ya memori ndani. Kilikuwa na Injili iliyorekodiwa kwa Kiladakhi cha kuongea. Njiani akanieleza kwa nini kilimgharimu safari. Biblia yao ya miaka yote, iliyochapishwa Lahore mwaka 1948 baada ya mchungaji Yoseb Gergan kuitolea maisha yake, ni ya Kitibeti cha vitabuni. Lugha yenye heshima kubwa, lakini hakuna Mladakhi anayemwita mtoto wake ale kwa lugha hiyo. Na kukiandika Kiladakhi cha nyumbani kwa herufi zile zile ni ugomvi wa miaka mingi. Wapo wanaoona ni kuharibu maandishi matakatifu. Sauti haina tahajia ya kugombewa.

Bibi, tuliyemwita Abi-le, alikuwa jikoni. Jiko la bati katikati, dohani imepanda hadi darini, sufuria za shaba zimepangwa rafuni zinang'aa. Akatumiminia chai ya siagi na chumvi. Mjukuu akabonyeza kitufe.

Sauti ya mwanamume ikaanza, ya polepole. Mfano wa kondoo aliyepotea. Mimi nilishika maneno mawili tu: *luk*, kondoo, na baadaye *Konchok*, Mungu, neno ambalo Wabudha wa huko nao wanalo tangu zamani, kama Kyala alivyokuwa wetu kabla ya misheni. Abi-le aliinamisha kichwa, sikio likakaribia kabisa. Akaanza kurudia. Siyo yote, aliokota neno hapa na pale na kulisema upya kwa namna yake, akilitia mwanzoni mlio mzito ambao msomaji hakuutoa. Vidole vyake vilikuwa vinasugua ukingo wa kikombe. Mjukuu akaninong'oneza kwamba msomaji ni mtu wa Leh, na bibi anayaweka maneno kama yanavyosemwa Sham. Kondoo alipopatikana, Abi-le akasema kitu kwa sauti, kumwambia yule mchungaji wa ndani ya kisanduku. Sikutafsiriwa, na sikuuliza.

Akaomba irudiwe. Ikarudiwa mara tatu. Chai yangu ikaganda utando wa siagi juu.

Kisha akanigeukia. Mjukuu akatafsiri: anataka uiseme hadithi hiyo kwa lugha ya mama yako. Nikaisema, kuanzia kondoo mia mpaka majirani wanaitwa kufurahi, kwa Kiswahili. Abi-le alisikiliza kwa makini yale yale. Nilipomaliza akauliza, "Hivi ndivyo mama yako anavyoongea?"

Nikasema ndiyo.

Kiswahili ni changu. Ninaombea kwa Kiswahili, nimelia kwa Kiswahili, wanangu hawana lugha nyingine. Huenda sikumdanganya sana. Lakini swali alilouliza halikuwa hilo, na nilijua wakati ule ule kwamba kwa Kinyakyusa nisingefika hata kwa kondoo wa pili. Miaka yote hii sijajua niliweke wapi jibu lile.

Jumapili nilisubiri mama amalize sura. Nikazima Luka, nikamwomba anisimulie ile ya kondoo kwa Kinyakyusa, nikaweka simu irekodi. Akacheka kwanza, akauliza ni ya nini. Halafu akasimulia, dakika mbili na kidogo, mvua ikianza kugonga bati. Jana nilijaribu kumfuatisha. Kwenye neno la tatu akanisimamisha, akalitamka upya, akangoja nilirudie.