Si kwa karatasi na wino

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo la wiki hii ni mstari mmoja tu, 2 Yohana 1:12. Mzee, ndivyo mwandishi wa waraka huu anavyojiita, ana mengi ya kuwaandikia ndugu zake, lakini hataki kuyamalizia kwenye karatasi na wino. Anatarajia kufika, aseme nao "mdomo kwa mdomo, ili furaha yetu iwe timilifu."

Nimewakumbuka askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Chupa ya wino haidumu mfukoni mwa mtu anayelala kwenye handaki la matope. Ndiyo maana zikatengenezwa kalamu za vitani, mojawapo ya kampuni ya Parker, zenye kichumba kidogo mwishoni cha kuhifadhia vidonge vya wino mkavu. Askari alitia kidonge na maji ndani ya kalamu, akasubiri kiyeyuke, akaanza kumwandikia mama. Wengi hawakuwa nayo, wakaandika kwa penseli.

Lakini barua ile ilisomwa kwanza na ofisa wake, na mahali alipo hakuruhusiwa kupataja. Jeshi la Uingereza lilikuwa hata na kadi yenye maneno yaliyokwisha kuchapwa: mimi ni mzima, nimelazwa hospitali, nimepokea barua yako. Askari alikata yasiyomhusu, akatia sahihi na tarehe. Akiongeza neno lake lolote, kadi inaharibiwa. Mtu ametoka kumzika mwenzake asubuhi, na anachoweza kumwambia mama ni kwamba hajalazwa! Hata hivyo naamini kadi ile ilibusiwa na kulaliwa chini ya mto, kwa sababu ile sahihi ilitoka mkononi mwa mwanawe, na tarehe ilionyesha kuwa siku hiyo alikuwa hai. Furaha ilikuwepo. Timilifu, bado.

Mungu wetu naye alitupa Maandiko, na tunayapenda. Ila hakutuachia maandishi peke yake. Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu, na Tomaso akaonyeshwa mikono yenyewe.

Wapo kati yetu wenye mume au binti aliye kwenye ulinzi wa amani Kongo au Afrika ya Kati, ambao jioni hii wanasubiri ujumbe wa simu wa maneno mawili. Katika ibada ya nyumbani wiki hii tuwaombee, tukiwataja kwa majina, warudi mlangoni wenyewe.