Tulivyoipatia Shule Yetu Hati ya Ardhi

Vyama vingi vya waliosoma pamoja ninavyovijua hapa Mtwara huanzia kwenye fulana. Watu wanakusanyana WhatsApp, wanachanga, wanachapisha nembo ya shule kifuani, wanakula pilau siku moja, kisha kundi linabaki la rambirambi na vichekesho. Sisi tuliosoma sekondari moja wilayani Masasi tulikuwa tunaelekea hukohuko. Siku moja mkuu wa shule akanipigia simu: "Shikamoo kaka Wakili. Huku watu wamepanda mikorosho mpaka nyuma ya bweni la wavulana."

Nilikuwa nimeshastaafu. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mwanasheria wa halmashauri huku kusini, tangu enzi ambazo masika yakikaza, safari ya Dar es Salaam ilikuwa ni meli au subira. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuja kufunguliwa 2003. Niliohitimu nao Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengi walikwenda kwenye uwakili wa kujitegemea. Mimi nilibaki na mikataba ya masoko na madai ya fidia, na mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani kuuza mazao kupitia maghala, ulipoanza mwaka 2007, nikaongezewa migogoro ya korosho na maghala. Sina hadithi za kusisimua mahakamani. Ila nimeona mashamba na viwanja vya umma vikipotea, na mara nyingi si kwa sababu umma haukuwa na haki. Faili lilikuwa tupu.

Na faili la shule yetu lilikuwa tupu kweli. Barua moja iliyoliwa na mchwa, ramani hakuna, hati hakuna. Wakati huohuo mkorosho unaanza kuzaa ukiwa na miaka 3 hivi, na mwenye kuupanda anahesabu kwamba hata akiondolewa, atadai fidia ya mti wake. Sheria ya ukomo inampa mwenye ardhi miaka 12 kuidai. Ukikaa kimya, siku zinamfanyia kazi aliyepanda.

Kwa hiyo kwenye kundi sikuomba hela. Niliomba watu. Mpima ardhi mmoja kati yetu yuko Lindi, nikamwambia alete vifaa vyake. Mwalimu mstaafu aliyekuwa bwana nidhamu wetu akapewa kazi ya kuwatafuta wazee waliochimba msingi wa madarasa, maana wao ndio wanaojua mpaka ulipita wapi. Wenzetu walioko Dar wakapewa kutafuta picha na barua za zamani majumbani kwao. Zilitoka nyingi kuliko nilivyotegemea. Mwenzetu mmoja anafanya kazi idara ya ardhi. Huyo nilimkataza kabisa asiliguse faili letu. Hati inayopita dirishani hurudi mahakamani kupitia mlangoni.

Ugumu ulikuwa kwa majirani, kwa sababu bila wao kukiri mipaka upimaji hauendi. Nilikaa na wenye mikorosho, wanaume wa makamo, tukaelewana vizuri, tukapeana mikono. Wiki inayofuata maelewano yamekufa. Tukarudia, yakafa tena. Bwana nidhamu ndiye aliyenizindua: "Wakili, umezungumza na baba zao. Wajomba je?" Huku kwetu, kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, ukoo umefuata upande wa mama tangu zamani, na shamba mara nyingi lina sauti ya mjomba hata kama jembe analishika mtu mwingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haimtaji mjomba popote. Lakini asipokaa kwenye kikao, hakuna kikao.

Tulipowaita wajomba, mazungumzo yalibadilika. Niliwaeleza bila vitisho: Baraza la Kata, tangu marekebisho ya sheria ya 2021, halihukumu migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana na mtu akataka kuishtaki shule, atakuwa anaishtaki halmashauri, yaani notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na Mahakama Kuu. Mzee mmoja akacheka: "Sasa mwanangu, hizo nauli za kwenda Mtwara zitazidi bei ya korosho zenyewe." Tukaandika makubaliano kwa Kiswahili chepesi: wavune misimu miwili, kisha walipwe thamani ya miti, na miti ibaki ya shule. Wakaweka saini mbele ya mtendaji wa kijiji, wajomba wakitangulia.

Hapo ndipo nilipoomba michango, nikiwa na makubaliano yenye saini na hesabu ya miti mkononi. Hela zilikuja haraka, hata kutoka kwa watu ambao hawajawahi kununua fulana. Mawe ya mipaka yakazikwa, ramani ikaidhinishwa, na hati ikatoka kwa jina la halmashauri kwa matumizi ya shule. Nakala inayokaa halmashauri, mimi najua vizuri inavyoweza kupotea, kwa hiyo nakala nyingine iko kwa mkuu wa shule na nyingine kwa katibu wetu.

Sasa shule mbili za msingi za jirani zimetuandikia. Ya kwanza ni rahisi, mpima ameshaikagua. Ya pili ina makaburi ya ukoo mmoja pembeni ya goli la uwanja wa mpira, na bwana nidhamu ameshaanza kuorodhesha wajomba.