Yeye anataka mteremko, mimi nataka ukingo

Kutoka mlangoni kwangu Magomeni hadi kituo cha mwendokasi ni hatua mia nne na ushee. Kwanza nasikia cherehani ya jirani, halafu inakuja harufu ya maandazi pale kona, halafu mfuniko wa chuma juu ya mtaro. Fimbo yangu nyeupe ikiugusa unalia ngaa, ndipo najua nipinde kushoto. Macho yalinizimika nikiwa na miaka 31 kwa presha ya macho, hivyo mtaa huu nilijifunza upya kwa masikio na pua.

Masika ya mwaka jana mfuniko ule ukaondoka. Chuma chakavu kina bei, na anayekibeba usiku haulizi nani atapita asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha. Watu hudhani mvua inatutesa kwa utelezi, kumbe kinachotutesa ni kelele: maji yakipiga mabati, huwezi kujua gari liko mbali au liko mgongoni. Fimbo hupapasa kushoto, kulia, kushoto, mguu unafuata. Siku hiyo shimo lilikaa katikati, fimbo ikalikosa huku na huku, nikazama hadi pajani.

"Usijitingishe, baba, tunakuja!" Alikuwa mama wa maandazi. Alinivuta yeye na kijana wa bodaboda, suruali ikabaki kichekesho.

Kesho yake msamaria mmoja akachomeka tawi la mwarobaini shimoni, na kitambaa chekundu juu yake. Wenye kuona wakashukuru. Mimi nililijua tawi lilipoing'oa miwani usoni.

Niseme na hili, ingawa wenzangu wengine hawalipendi: sijawahi kutamani wamachinga wafukuzwe. Mwaka 2021 walipohamishwa pembezoni mwa barabara, njia ilikuwa nyeupe, na mimi nikapotea Kariakoo siku tatu mfululizo. Yule wa "mia tano mia tano" alikuwa kona yangu, muuza kaseti za dini alikuwa kivuko changu. Ninachoomba ni upenyo mmoja ulionyooka, usio na meza, pikipiki wala gari lililopaki, upana wa mita moja na nusu hivi. Wao wabaki pembeni, waendelee kupiga kelele zao.

Sasa nije kwa rafiki yangu. Ni fundi viatu, anatembelea baiskeli ya miguu mitatu ya kuzungusha kwa mikono, na tumekunywa kahawa benchi moja miaka tisa. Nusura tukosane kwa sababu ya ukingo wa barabara.

"Ndugu yangu, ile kitu kwangu ni ukuta. Wauvunje wote, waweke mteremko."

Nikamwambia ukivunjwa nitakufa mimi. Fimbo yangu ikidondoka kwenye ukingo ndiyo najua njia ya miguu imeisha na barabara imeanza. Wakiulainisha hadi usawa wa lami, nitajikuta katikati ya bajaji nikidhani bado niko salama.

Akakaa kimya. Nikasikia anakoroga kikombe ambacho hakina sukari. "Kwa hiyo mimi nishuke nitambae?"

Sikuwa na la kumjibu. Jibu lilishapatikana zamani, tena Japani. Mwaka 1967 huko Okayama, karibu na shule ya wasioona, yalitandikwa matofali ya sakafu yenye vipele aliyoyabuni Seiichi Miyake. Baadaye yakatulia katika lugha ya aina mbili: mistari mirefu inakwambia endelea, vipele vya duara vinakwambia simama. Basi ukingo ukikatwa kwa ajili ya baiskeli ya fundi, safu ya vipele ikae pale pale mwisho wa mteremko. Yeye ashuke, mimi nisimame.

Mteremko wenyewe nao una hesabu. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, maana yake ukingo wa sentimita 15 unadai mteremko wa mita 1.8. Fundi anasema mingi anayokutana nayo ni ya kupandishia ng'ombe kwenye lori. Na wa kwanza kuifurahia ile mizuri, anasema, huwa ni wasukuma mikokoteni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, lakini mwenye kuushika ule mteremko ni fundi wa zamu na pima maji yake.

Mwezi uliopita nilimkuta mmoja wa mafundi hao wa barabara, si mbali na kwangu, akitandika pevingi. Fimbo ikakuta vipele, moyo ukaruka. Nikavifuata hatua sita kwa furaha, vikanipeleka moja kwa moja kwenye nguzo ya umeme.

"Samahani, mzee," akasema, "haya ya vipele yalibaki, nimeyaweka kama urembo."

Nikamuuliza kama ana dakika mbili. Akasema anazo. Nikamwambia avue viatu, afumbe macho, anipe mkono. Nikasikia kamba za buti zinafunguliwa.