Kuutafuta Uyoga wa Miombo, Ifunda hadi Sao Hill

Kutoka Ipogolo, mjini Iringa, costa ilikuwa imejaa hadi mlangoni, na haikufika mbali kabla abiria hawajaanza kumpigia dereva kelele asimame. Kando ya lami kina mama walikuwa wamepanga sado na mabeseni ya uyoga: wa njano uliokoza, wa rangi ya udongo, na mweupe wenye kofia pana kama sahani. Mikono ikatoka madirishani, noti zikashuka, uyoga ukapanda. Ilikuwa Machi. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na ardhi ilikuwa imeshiba maji.

Nilishuka Ifunda. Shangazi wa mwenzangu kazini alikuwa amekubali kunipeleka porini, nami tangu zamani nimetamani kuuona uyoga ukiwa bado umesimama ardhini.

“Kamwene, mwanangu.”

“Kamwene, shangazi. Habari za hapa?”

Asubuhi tuliondoka umande ukiwa haujakauka. Alinipa kikapu cha milulu na kunikataza kubeba mfuko wa plastiki, kwa sababu uyoga ukifungiwa humo hutoa jasho na jioni unakuwa umeoza. Njiani niligundua kwamba macho yake hayakuwa chini. Alikuwa akitazama miti. Akiona miombo iliyokomaa, au mikusu imekaa kikundi, anakata kona, anapekua majani makavu kwa kijiti, na uyoga wa njano uko pale.

Ana sababu ya kufanya hivyo. Kinachoonekana juu ya ardhi ni tunda tu la kuvu. Kuvu yenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotambaa udongoni na kuifunika mizizi ya mti. Mti unaipa sukari unayoitengeneza kwenye majani, nayo inauletea maji na madini, hasa fosforasi, kutoka mahali ambapo mizizi peke yake isingefika. Ardhi ya miombo kwa kawaida haina rutuba nyingi, kwa hiyo ushirika huu ndio unaoubeba msitu. Mti ukifa, nyuzi zake hukosa chakula.

Shangazi alinieleza jambo hilohilo kwa maneno machache. Tulikuwa tumefika penye tanuru la zamani la mkaa, majivu yamegeuka tope. “Hapa tulikuwa tunachuma mpaka vikapu vinajaa, mingine tunaiacha,” akasema. Kwenye visiki machipukizi yalikuwa yameshafika kifuani. Miombo ina uwezo huo wa kuchipua upya ikikatwa, mradi watu wasiing’oe visiki na kulima. Alishika chipukizi moja, akaligeuza majani, akaliacha. Sikuweza kupita pale bila uchungu. Gunia la mkaa linauzwa mara moja, wakati mti ule ungewalisha wajukuu wake kila mvua zinaponyesha.

Uyoga wa kwenye kichuguu ni habari nyingine. Huo haufuati mti, unafuata mchwa. Shangazi alipiga magoti penye kichuguu kikubwa, akafukua taratibu kwa vidole kuzunguka shina. Kofia ilikuwa na ncha ngumu katikati, na ncha hiyo ndiyo iliyotoboa udongo. Nilidhani shina litaishia karibu, lakini liliendelea kushuka, likawa jembamba na jeusi kama mkia, mpaka mkono wake ukazama hadi kiwikoni. Huko chini mchwa hukusanya nyasi na miti mikavu, huitafuna na kuijenga masega, kisha kuvu huota juu yake na kulainisha kile ambacho mchwa wenyewe hawawezi kukisaga. Mmoja wa jamii hii, Termitomyces titanicus, ulielezwa na wataalamu mwaka 1980 kutoka Zambia, na kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja. Uyoga mamama tunauotesha bandani kwenye mifuko ya pumba na majani makavu. Huu wa kichuguu haujakubali kulimwa bila mchwa wake.

Kuna uyoga aliouruka bila hata kuinama. Mmoja ulikuwa mweupe, safi, wenye kikombe chini ya shina, nami nilimuuliza kama si ule aliouchuma mwanzo. Aliweka miwili hiyo mbele yangu, akanionyesha mistari kwenye ukingo wa kofia na rangi ya chini yake. Upo wenye kikombe unaoliwa na upo unaoua, kwa hiyo kikombe peke yake hakitoshi. Wanaosema uyoga wa sumu hugeuza sarafu kuwa nyeusi au hauliwi na wadudu wanawapoteza watu. Sumu mbaya kuliko zote haiondoki kwa kupika, na mgonjwa huanza kutapika saa nyingi baada ya kula, ini likiwa limeshaanza kuharibika. “Ukiwa na wasiwasi, acha,” alisema.

Mchana tulikula ugali na uyoga uliopikwa kwa karanga. Mwingine aliuchana, akauanika kwenye ungo.

Kesho yake niliendelea hadi Mafinga na kupita Sao Hill, kwenye mashamba makubwa ya misonobari. Mti huo wenye asili ya Mexico nao haustawi bila kuvu wake, na uyoga wa jamii ya Suillus umeufuata hadi huku: kofia ya kahawia inayoteleza, chini ina vitundu kama sifongo. Poland na Urusi watu huuchuma ndugu zake Septemba na Oktoba, majani yakipukutika. Nilimwonyesha mama mmoja aliyekuwa akiuza uyoga wa miombo pembeni ya barabara. Aliugeuza, akaunusa, akanirudishia.

“Huu bibi yangu hakunionyesha, mwanangu. Mimi siuuzi.”