Siku Moja Maishani Mwangu: Mlinzi wa Giza

Saa 2 asubuhi. Wakisikia nachunguza athari za mwanga kwa viumbe hai, watu hudhani nashinda chini ya taa kali. Wapi! Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kulinda giza. Nafunga mlango, naziba upenyo wa chini kwa kitambaa cheusi, nasubiri macho yazoee, karibu nusu saa hivi. Ninayo taa moja tu ya kijani, tena hafifu: jicho hukiona kijani upesi kuliko rangi nyingine, ilhali mbegu hukiitikia kwa shida. Nalowesha mbegu za saladi juu ya karatasi ya chujio, nafunika visahani kwa foili. Zikiwa kavu, mwanga hauzishtui. Zinywe maji kwanza.

Saa 4. Kupima taa. Mita ya luksi, kile kifaa cha kupima mwangaza, siitaki, imepangwa kwa jicho la mtu na jani halina jicho. Nahesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazotua kwenye mita ya mraba kila sekunde. Kazi ya kuchosha, basi.

Saa 6 mchana. Hapa ndipo penye utamu. Visahani vya kwanza vinapata mwanga mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660, kwa dakika moja. Vya pili vinapata huo, kisha mwekundu wa mbali, ambao jicho huuona kwa shida, nanomita 730. Vya tatu vinamalizia na mwekundu tena. Vya nne havipati kitu. Wanasayansi Borthwick, Hendricks na wenzao walitangaza jambo hili Marekani mwaka 1952: mbegu hufuata mwanga wa mwisho. Ndani yake mna protini iitwayo fitokromu. Mwekundu huiwasha, ule wa mbali huizima. Porini ina maana kubwa, kwa kuwa majani hunyonya mwekundu na kuuachia wa mbali upite. Mbegu iliyo kivulini hupata habari kwamba juu kumeshajaa, ikaendelea kulala.

Saa 8. Bakteria chini ya urujuanimno, mwanga usioonekana unaoharibu DNA yao. Vifuniko naviondoa, maana plastiki huuzuia. Nusu ya visahani naviweka kwenye mwanga wa buluu baadaye, ambao huwapa bakteria nguvu ya kukarabati DNA iliyoharibika.

Saa 10 jioni. Nafungua visahani vya mbegu vya juzi. Waliomaliza na mwekundu wametoa vimzizi vyeupe, vyenye vinyweleo laini kama ukungu. Waliomaliza na ule wa mbali, kimya. Kwenye giza tupu wamo wakaidi wachache walioota bila kuulizwa. Idadi ya hao naitoa kwenye hesabu ya kila kundi kabla sijaisifu taa yoyote.