Daftari la zamu lilivyonifundisha have na had

Niko mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Dodoma, upande wa Area C. Wateja wetu wengi ni watu wa semina, na tangu treni ya SGR ianze kuleta abiria kutoka Dar mwaka 2024, mtu anaweza kuingia saa yoyote. Bosi akaamua daftari la kukabidhiana zamu liandikwe Kiingereza. Nikanuna kidogo, ila daftari hilo limenisaidia kuliko kitabu chochote cha sarufi, kwa sababu karibu kila mstari wake ni habari ya jambo lililokwisha kufanyika.

Nilianzia kwenye -me- yetu. Mgeni amelipa: The guest has paid. Hiyo has hapo haina habari ya kumiliki kitu, ni kitenzi kisaidizi tu. Mtu mmoja has. Wengi, pamoja na I na you, have. Kitenzi kikuu kinafuata katika umbo lake la tatu: paid, left, gone, brought, taken. Sikukariri orodha ndefu ya shuleni. Nyuma ya daftari niliandika vile tu vinavyotumika kaunta, basi.

Had nayo ilikuja kirahisi, maana hata sisi hapo tunatumia vitenzi viwili. Nilipoingia zamu, mgeni wa namba 4 alikuwa ameshaondoka: When I came in, the guest in room 4 had already left. Kesho saa nne asubuhi atakuwa ameondoka: By ten tomorrow he will have left.

Penye mtego ni kwenye siku. Sisi tunasema "amefika jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali: ukitaja yesterday au at two o'clock, have inaondoka, unaandika He arrived yesterday. Siku hizi kabla sijaandika naangalia kwanza kama nimetaja muda.

Kusikiliza ndiko kugumu zaidi, maana has humezwa ikabaki s tu. He's sleeping ni is. He's paid the bill ni has. Juzi mgeni aliniambia, "She's taken the key." Nikamgeukia dada wa usafi: "Dada, ufunguo wa namba 7 kaondoka nao." Akaenda kuchukua wa akiba.